Jina la Kanga katika Kazi ya Kawira Mwirichia
Kanga ina pindo, mji na jina. Kwa jina hilo mvaaji husema asiloweza kulitamka uso kwa uso. Msanii wa Kenya Kawira Mwirichia, aliyefariki mwaka 2020, aliuelewa vyema uwezo huo. Katika To Revolutionary Type Love, mfululizo wa kanga ulioonyeshwa Nairobi mwaka 2017, aliwaenzi wapenzi wa jinsia moja wa nchi mbalimbali kwa vazi lile lile ambalo jamaa humtandikia bibi arusi apite juu yake. Hivyo, wanaonyimwa arusi wametandikiwa njia.

Hata hivyo, lipo suala la kifasihi. Jina la kanga ni fumbo, nalo hukamilishwa na mvaaji, mlengwa na wakati. Kanga ikitundikwa ukutani humkosa mvaaji, na fumbo hugeuka tangazo. Msomaji wa Uvira, aliyezoea kitenge kisicho na maandishi, ambacho jina lake huzaliwa sokoni, atalihisi pengo hilo upesi. Lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuzifuta sheria zinazoadhibu ngono ya jinsia moja. Palipo na sheria kama hizo, kutangaza ni hatari kuliko kufumba, na hatari hiyo ndiyo inayoutetea uamuzi wa msanii.