Nani Alimkata Astaire Miguu?

Aliyeamua filamu ya *Finian's Rainbow* ikuzwe kutoka milimita 35 hadi 70 alimkosea mcheza densi Fred Astaire, na sioni cha kumtetea. Ilikuwa 1968, studio ni Warner Bros. Walitaka picha kubwa ya kujaza kumbi kubwa, na katika kuikuza wakanyoa fremu juu na chini. Juu kulikuwa na anga. Chini kulikuwa na miguu ya Astaire.

Itazameni tena. Mabega yanayumba, mkono unapepea, goti linapinda, kisha miguu inazama nje ya fremu. Vibati vya chuma vya viatu vyake vinaendelea kugonga sakafu, ila huwezi kujua kama ni kisigino au ncha ya kiatu, wala kama mguu wa kushoto ndio unaoujibu wa kulia. Sauti ipo, mpigaji hayupo! Mzee anayekaribia miaka 70, kwenye filamu yake kubwa ya mwisho ya muziki, anaonekana kama mtu anayejitikisa tu.

Wengi humlaumu mwongozaji, Francis Ford Coppola. Ana lake: alimfukuza Hermes Pan, mpangaji densi aliyeshikana na Astaire tangu 1933. Lakini huu mkasi ulishikwa na studio, kazi ya kurekodi ikiwa imekwisha.

Kinachoniuma ni kwamba Astaire alishalimaliza suala hili kule studio ya RKO, enzi zake za kucheza na Ginger Rogers. Utosi hadi unyayo, shoti ndefu, mikato ya kuhesabika. *Top Hat* ya 1935 ndiyo shule. Nao wacheza densi Nicholas Brothers katika *Stormy Weather*, 1943? Kamera imekaa mbali, ngazi nzima inaonekana, vijana wanarukana vichwa na kutua msamba. Mhariri wa leo angewakatakata kama sukumawiki.

Ugonjwa huu wa kamera kuuficha mwili unaofanya kazi tunao pia Kisii na Nyamira. Mpiga obokano anaketi na nyuzi zake nane, nasi tunaonyeshwa uso wake, halafu droni, halafu majani chai, halafu droni tena. Vidole? Hakuna. Wachezaji wamefunga njuga miguuni, kamera iko kifuani. Droni ndiyo iliyotuharibia kazi. Kila mwenye nayo anajiona mwongozaji. Mwimbaji Embarambamba mumseme mtakavyo, lakini anapogaagaa matopeni mwili wake wote tunauona.

Basi ninyi mnaorekodi harusi na nyimbo huko Keroka, Suneka na Nyamira mjini: mchezaji akianza, rudini nyuma hatua tatu, shusheni kamera mpaka sakafu ionekane, na msikate mpaka amalize.