Katuni kwa Wenye Mvi

Wako watakaostaajabu kusikia kwamba mwalimu mwenye mvi huketi na wajukuu kutazama katuni, na watoto wakiisha kwenda kucheza yeye hubaki pale pale. Sisi hatustaajabu, kwani tu miongoni mwao. Wazee wetu hawakuziacha hadithi za Sungura walipoota ndevu; wao ndio waliozisimulia.

Tuichukue Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, mojawapo ya filamu fupi kumi zilizotolewa mwaka 2023 kwa jina la Kizazi Moto. Mahali pake ni pembezoni mwa ufalme wa Wachwezi, katika Uganda ya zama zijazo. Wachungaji, nusu watu nusu mitambo, huwalinda ng'ombe wa madini wasidhuriwe na mizimu. Mgeni ataona ndoto tupu. Mtazamaji wa Kasese huona zaidi. Yeye yumo katika nchi ya Busongora, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu na masimulizi ya Wachwezi. Na mlimani iko Kilembe, ilikochimbwa shaba tangu miaka ya 1950, ambayo mabaki yake yalikuja kutolewa kobalti. Mali hizo mbili zimetiwa katika mnyama mmoja! Mtoto hufurahia mapigano. Hili humngojea mtu mzima.

Na lile jina? Mwanafunzi aweza kuuliza mbona si "kizazi kimoto". Jibu ni lile la maji moto: nomino imeazimwa kazi ya kivumishi, nayo haivai kiambishi. Jina ni zuri. Lakini ukiingia ndani, mazungumzo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Kiswahili kimetundikwa mlangoni kama kibao cha duka.

Desturi hii si ngeni. The Lion King ya mwaka 1994 ilimwita simba Simba, na fisi mmoja ikamwita Shenzi, tusi tulilotupiwa sisi watu wa bara na watu wa pwani, kisha na wakoloni. Watoto wetu hucheka. Sisi hatukucheka.

Twasema haya kwa sababu ya Bwera. Pale Mpondwe, ambako ukivuka mto Lubiriha umeingia Kasindi ya Kongo, watu hupatana bei kwa Kiswahili, hugombana kwacho, na kutaniana kwacho. Si Kiswahili cha vitabuni, lakini mchungaji wa katuni angekinena bila taabu. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, imekwisha kuonyesha kwamba hata hesabu na sayansi hutamkika katika katuni ya Kiswahili. Ila, tuseme kweli, ile ni ya kumfunza mtoto, na kwa usanii Herderboy yaipita mbali.

Basi tutaitazama tena. Safari hii tutaizima sauti, na kama wafanyavyo wafasiri wa vibanda vya video, tutawatia wachungaji wale vinywani maneno ya soko la Mpondwe.