Maris Otter: Kimea Ambacho Bia Nyeusi Ilikuwa Ikikidai

Jamani, kuna kimea cha kuanzia bia nyeusi, na kinaitwa Maris Otter! Wapikaji wa nyumbani hubishana usiku kucha juu ya kimea kilichokaangwa: gramu ngapi, cheusi kiasi gani. Mimi nimefungua mfuko huu kutoka Uingereza, nikatafuna punje chache, na nasema bila kusita kwamba mjadala ulipaswa kuanzia kwenye kimea cha msingi, kile kinachojaza sehemu kubwa ya sufuria.

Ladha yake! Punje inapasuka kirahisi chini ya jino, kisha inakuja biskuti, njugu, na utamu unaokawia ulimini. Na hiki bado ni kimea cheupe, hakijakaangwa hata kidogo.

Shayiri ya kimea hiki ilizalishwa Cambridge na George Bell na wenzake, kwa kuchanganya mbegu za Proctor na Pioneer, ikaingia mashambani miaka ya 1960. Hupandwa vuli na kuvumilia baridi yote ardhini. Mavuno yake ni haba kuliko ya mbegu za kisasa, hata ikaondolewa kwenye orodha ya mbegu zinazopendekezwa kwa wakulima. Watengeneza bia wa Kiingereza wakaing'ang'ania, wakailipia zaidi. Nawashukuru kwa moyo wote! Katika kiwanda cha kimea cha Warminster, Uingereza, hadi leo shayiri huoteshwa kwa kutandazwa sakafuni na kugeuzwageuzwa, kazi ya subira inayostahili kila senti.

Kwa nini msingi uwe na uzito hivi? Bia nyeusi za kwanza za London, zile ziitwazo porter, zilitegemea kimea cha kahawia, hadi kipimo cha hidromita kilipoonyesha kwamba cheupe hutoa sukari nyingi zaidi. Kisha mwaka 1817 Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la kukaangia, na kimea cheusi kidogo tu kikatosha kutia rangi. Weusi ukawa kazi ya punje chache. Mwili wa bia ukabaki kwa kimea cheupe.

Hivi ndivyo nilivyopika lita 20: kilo 4 za Maris Otter, gramu 300 za kimea cha kahawia, gramu 200 za cheusi, vikalowekwa saa moja kwenye nyuzi 67. Kama maji yenu ni magumu, yenye chokaa, furahini, maana kimea cheusi kina asidi na maji hayo huituliza. Togwa la kwanza lilipotoka nilinywa kikombe kizima: uchungu wa kukaangwa juu, na chini yake ule ubiskuti umesimama imara! Kimea cha pilsner kingemezwa hapo. Kwa dunkel ya Kijerumani, sawa, chukueni kimea cha Munich. Kwa porter na stout, mimi nimeshachagua.

Bia yenyewe ingali inachacha, na mfuko wa pili nimekwisha kuuagiza kwa ajili ya stout nzito.