Jibu Chini ya Mstari Wake

Kiraka cha kiini cha Linux humfikia mkaguzi kikiwa barua pepe ya maandishi matupu. Kichwa cha barua kinasema, mathalani, [PATCH v3 2/5]: toleo la tatu, kiraka cha pili kati ya vitano. Ndani mna maelezo, sahihi ya Signed-off-by, vistari vitatu, kisha msimbo: mistari iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha, iliyofutwa ina ya kutoa. Kiambatisho hakuna. Msimbo ndio mwili wa barua, kwa hiyo kuukagua ni kuijibu barua yenyewe.

Ndani ya Mutt, programu ya barua inayoendeshwa kwenye terminali, mkaguzi anabonyeza g ili jibu liwafikie wote walionakiliwa. Kihariri, tuseme Vim, kinafunguka na kiraka kizima kikiwa kimenukuliwa. Kazi ya kwanza ni kufuta. Anafyeka yote asiyo na neno nayo, anabakiza mistari inayomkera, na kuandika papo hapo chini yake:

> +	p = kmalloc(len, GFP_KERNEL);
> +	memcpy(p, src, len);

Kumbukumbu ikikosekana, kmalloc hurudisha NULL na memcpy itaangusha kiini. Tumia kmemdup, kisha kagua ilichorudisha.

Aliyetuma kiraka haulizi "mstari upi?" Anauona. Ndiyo maana anayeacha nukuu ya mistari mia nne kwa ajili ya sentensi moja huwaudhi wenzake, na wana haki: amewaachia kazi ya kuitafuta.

Adui wa utaratibu huu ni programu za barua zenye kiherehere. Gmail ya kwenye kivinjari hugeuza nafasi za kitufe cha Tab kuwa nafasi za kawaida na kukata mistari mirefu. Kiraka kilichopita humo huharibika, na git am, amri inayoingiza viraka kwenye mradi, hukikataa. Dawa ni git send-email, ambayo haiyagusi maandishi.

Kiraka kikimridhisha, mkaguzi anajibu kwa mstari wa Reviewed-by. Msimamizi, akiwa kwenye Mutt vilevile, anaielekeza barua kwa git am kwa alama ya |. Mabano ya kichwa yanaondolewa, na maneno yaliyo kati ya vistari vitatu na msimbo yanatupwa. Hapo ndipo mahali pa kueleza kilichobadilika tangu v2: mkaguzi anakihitaji leo, historia ya mradi haikihitaji. Kwangu mimi, hakuna kipengele cha busara zaidi katika mpango huu.

Kukusanya Reviewed-by zilizotawanyika kwenye majibu kulikuwa kazi ya kuchosha. Siku hizi kuna b4, zana ya Konstantin Ryabitsev wa Linux Foundation. Ukiipa Message-ID moja, yaani kitambulisho cha barua, huvuta mazungumzo yote kutoka hifadhi ya lore.kernel.org, huchagua toleo jipya kabisa na kubandika kila sahihi kwenye kiraka chake. Mkaguzi aliyeandika tu "sawa kwangu", pasipo mstari wa Reviewed-by, b4 haimwoni.