Ubavu wa Shimo: Kupima Shamba Lililokanyagwa

Usukumani, mahindi na mtama vikishavunwa, ng'ombe huachiwa mabua. Msimu unaofuata maji yakituama shambani, lawama huwaangukia wao, kwa kuwa nyayo zao kila mtu aliziona. Mjuzi wa udongo hatosheki na nyayo. Huchimba.

Siku ya kwenda ina uzito kuliko zana. Udongo mkavu wote mgumu, na uliolowa chapachapa wote laini. Ngoja siku mbili baada ya mvua nzuri. Chukua nondo nyembamba iliyochongwa ncha, uisukume kwa kiganja bila kuigonga. Shamba zuri huipokea polepole, ugumu ukiongezeka kidogo kidogo. Bovu huipokea vizuri, kisha ghafla huikataa, mara nyingi kwenye sentimita 15 hadi 20, kina kilekile cha plau. Ukikaza ikapenya, chini yake hulainika tena. Ukikuta hivyo, ng'ombe wa malisho hana kesi: kwato zake hubana zaidi sentimita chache za juu. (Kesi anayo akiingizwa shambani udongo umelowa, lakini hapo mwenye kujibu ni mchungaji.)

Sasa shimo, kina cha goti, kando ya mmea. Usiamini ubavu uliokatwa na beleshi, maana beleshi lenyewe huusiliba ukang'aa. Ubandue kwa ncha ya kisu. Bonge zuri likidondoshwa kutoka kiunoni husambaratika chembechembe za mviringo, zenye vitundu vya mizizi na nyungunyungu. Baya hukatika bapa kama vigae, na mizizi imelala kati ya kigae na kigae. Lakini ushahidi ninaouheshimu kuliko wote ni mzizi mkuu wa pamba au mbaazi. Uchimbue, usiuvute. Ukiwa umenyooka, nenda kanywe chai. Ukiwa umepinda kama kiwiko, pima kina cha hicho kiwiko.

Nani kaijenga sakafu hiyo ngumu inayoupinda mzizi? Watazame maksai wakilima. Mmoja hupita juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Mwenzake hupita ndani ya mfereji, akikanyaga udongo ambao chuma kimetoka kuusugua. Kina hakibadilishwi, mwaka hadi mwaka. Kwato zenye hatia ni hizo, na nyayo zake hufukiwa papo hapo plau irudipo, ndiyo maana hakuna anayezitaja.

Vipimo hivi visipelekwe kila mahali. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kujilima wenyewe. Ufa unaomeza mkono ni sifa yake. Luseni, ule wa kichanga wa miinukoni, haujui kujitibu. Huko ndiko rippa, chuma cha kupasua ardhi bila kuigeuza, inakostahili kupita, sentimita chache chini ya sakafu, kabla ya mvua. Kwenye udongo uliolowa hukata mchirizi tu, na ubavu wa mchirizi huo ukiubandua utakuta umesilibwa upya.