Kuiondoa Nyumba Kwenye Kipimo

Mtu akisikia una kituo cha hali ya hewa uani kwako, swali lake la kwanza ni kama kesho itanyesha. Mjibu kuwa hujui, atakutazama kama fundi saa asiyejua ni saa ngapi. Lakini utabiri una wenyewe, wenye setilaiti na kompyuta kubwa. Kituo cha nyumbani kina kazi ya shahidi: uwanja huu, siku hii, mvua ilikuwa kiasi hiki, joto kiasi hiki. Ushahidi wenyewe ni mfupi, ila kuutoa bila kupotoka kunataka mkono uliozoea.

Chukua mvua, ambayo ndiyo rahisi kuipima na ndiyo rahisi kuikosea. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Kwa hiyo kopo lolote lenye kuta wima, mdomo sawa na kitako, ni kipimamvua: simamisha rula ndani, soma. Liweke kopo hilo chini ya mwembe, utakuwa unaupima mwembe. Lisogeze ukutani, nao ukuta utaizuia mvua inayokuja na kusi na kuiachia ile ya kaskazi. Wajuzi wanataka kila kizuizi kiwe mbali na kopo angalau mara 2 ya kimo chake. Mnazi wa mita 15 unadai mita 30. Nani Dar es Salaam ana uwanja wenye mita 30 za wazi kila upande? Mimi sina. Fundi wa nyumbani basi hatafuti mahali pasipo na kasoro, anatafuta mahali ambapo kasoro zake anazifahamu, na anaziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mnazi uko magharibi, ukuta wa jirani uko kusini, umeongezwa matofali mwaka jana.

Joto nalo lina udanganyifu wake. Kipimajoto kilichopigwa na jua kinapima jua, na kilichotundikwa chini ya bati kinapima bati. Dawa ilipatikana katika karne ya 19 kwa Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson: sanduku jeupe lenye mbao zilizopangwa kama luva, hewa ipite, jua na mvua vibaki nje. Ulaya mlango wa sanduku hilo hutazama kaskazini, ili jua lisichungulie unapofungua kusoma. Huku kwetu jua huwa kusini mwezi Desemba na kaskazini mwezi Juni, kwa hiyo sanduku la nchi za joto huwekewa milango miwili. Nakipenda kitu hiki kidogo kuliko vifaa vingi vya bei: seremala alilazimika kuinua macho kabla ya kufunga bawaba.

Asiye na seremala hutumia sahani nyeupe za plastiki. Zitoboe katikati, isipokuwa ya juu, zipange kwenye vijiti kwa kuacha nafasi, tundika kihisi ndani, kisha simamisha mnara huo kama mita moja na nusu juu ya nyasi, mbali na zege. Zitakufaa mpaka ufike mchana wa Februari usio na upepo, hewa iliyo kati ya sahani itakapotuama na kuchemka. Feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, ikivuta hewa polepole kupita kihisi, itakuboreshea kituo kuliko kihisi kipya cha gharama.

Na kihisi chenyewe kikaguliwe jikoni. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji hukaa kwenye sifuri. Kipimajoto kikisoma 1 hapo, umekijua. Chumvi ya kula iliyoloweshwa kidogo mpaka ikawa uji mzito, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, huituliza hewa iliyo juu yake kwenye unyevunyevu wa asilimia 75. Ning'iniza kihisi humo kisiguse chumvi, kiache usiku kucha. Asubuhi kikisema 81, una sita za kutoa kila unaposoma karibu na hapo.

Barometa ndiyo iliyonifanya nipende kazi hii. Vitabu vilivyoandikiwa Ulaya hufundisha kwamba mgandamizo wa hewa ukishuka, mvua inakuja. Mtu wa Tanga akivifuata atatoka na mwavuli kila alasiri. Katika nchi za joto hewa ina kujaa na kupwa kwake: hupanda hadi kwenye saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena hadi saa nne usiku, hushuka hadi saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali chache tu. Chanzo chake hasa ni jua linalopasha joto tabaka za juu za angahewa. Mwezi mchango wake ni mdogo sana. Ulaya mawimbi haya yamefunikwa na dhoruba zao. Kwetu kifaa cha bei ya chini kabisa huyaonyesha, na kisichoyaonyesha ni kibovu. Cha kuangalia ni siku mchoro unapoacha mwendo wake, kama kimbunga kinapokaribia. Pwani ya Tanzania ilifikiwa na Hidaya Mei 2024, kwa hiyo hilo si la kufikirika.

Kuhusu kipimamvua cha umeme, kile chenye vijiko viwili vinavyopokezana kujaa na kupinduka, nina neno moja. Kinakwambia mvua ilianza lini na ilikazana lini. Lakini mvua ya masika ikimwaga, kinapoteza maji wakati wa kupinduka, na buibui wanakipenda. Weka kopo la kawaida kando yake, lisomwe saa tatu asubuhi, nalo ndilo liwe na neno la mwisho kuhusu kiasi.

Kisha daftari. Siku isiyonyesha huandikwa 0. Siku ambayo hukusoma huachwa wazi, maana hukuona. Ukisafiri siku 3 ukarudi na kukuta milimita 42, usiandike 14 mara tatu. Andika 42 moja, na mabano yanayozikusanya siku zote. Miaka ikipita, mtu atataka kujua mtaro wa mtaa wenu uwe na upana gani, naye atatafuta mvua kubwa ya siku moja. Zile 14 zako zitamchimbia mtaro mwembamba.