Ukweli Usio na Uso: Kuisoma Tena Programu ya Korona ya NHS



Tumezoea humu kuhakiki riwaya, tamthilia na tafsiri. Leo naomba niwaletee matini ya aina nyingine, ambayo wengi wetu tulioko Uingereza tuliibeba mfukoni bila hata kuihakiki: programu ya simu iliyoitwa NHS COVID-19, ile ya kumtahadharisha mtu kwamba amekaa karibu na mgonjwa wa korona. Ilianza kutumika England na Wales tarehe 24 Septemba 2020 na ikafungwa tarehe 27 Aprili 2023. Mtaniuliza, maiti ya nini tena kuifukua? Ngojeni, nitafika huko.

Hoja yangu ni hii. Programu ile kwa sehemu kubwa ilisema kweli, lakini iliisema kama mtu asiye na uso. Wakati huohuo uongo uliokuwa ukizunguka kwenye WhatsApp ulitufikia na uso wa shangazi, sauti ya shangazi na salamu zake juu. Halafu watu wanashangaa eti kwa nini wazee wetu walimsikiliza shangazi!

Kwanza haki itendeke. Programu ile haikuwa kazi ya ovyo. Simu mbili zilikuwa zinabadilishana namba za siri kwa Bluetooth, bila jina wala anwani, kisha simu yenyewe inapiga hesabu ya umbali na muda, kwa makadirio ya mita 2 kwa dakika 15. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2021 ulikadiria kwamba watu wapatao milioni 16.5 waliitumia mara kwa mara, na kwamba mamia ya maelfu ya maambukizi yalizuiwa hadi mwisho wa Desemba 2020. Hilo si jambo dogo, na anayeibeza programu ile anatakiwa kulijibu kwanza.

Sasa tuisome kama matini. Katika Kiswahili chetu habari ina mwenyewe. Ukimwambia mtu jambo zito, swali la kwanza ni "nani kakwambia?" Na habari mbaya ina mjumbe wake. Anachaguliwa mtu mzima, anakuja, anabisha hodi, anasalimia, anakaa, ndipo anaanza kusema hali ya mzee si nzuri. Mzunguko wote ule una kazi, jamani. Unampa msikilizaji nafasi ya kuuandaa moyo, na unamwachia mtu wa kumuuliza. Programu ya NHS haikumtaja aliyeugua wala mlipokutana, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Haikuwa kwa ubaya, ilikuwa ni kulinda siri za watu, na ni lengo jema kabisa. Lakini gharama yake kwa moyo wa msomaji haikuhesabiwa.

Ushahidi ni zile arifa za mzimu za majira ya vuli ya 2020. Simu inalia, kwenye kioo kuna ujumbe kwamba huenda umekaribiana na mwenye korona. Unaubofya, unatoweka. Ukifungua programu, hamna kitu! Maelezo yalikuja baadaye: arifa ile ilitoka kwenye mfumo wa Apple na Google uliokuwa chini ya programu, nayo hesabu ya NHS ilikuwa imeamua kwamba hatari ni ndogo. Kwa mhandisi, hakuna kilichotokea. Kwa binadamu, moyo ulishapiga paa! Ikabidi watunzi waongeze ujumbe wa pili wa kumtuliza aliyetishwa na wa kwanza. Mshtuko hauji na maana ya maneno peke yake, unaletwa pia na mlio, saa na namna ujumbe unavyoingia. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunalijua hilo siku nyingi, ila hatukuulizwa.

Pili ni suala la mamlaka. Kuanzia 28 Septemba 2020, ukipigiwa simu na watu wa Test and Trace kwamba ujitenge, ilikuwa ni sheria, na faini yake ilianzia pauni 1,000. Ukiambiwa na programu, ulikuwa ni ushauri tu, kwa sababu programu haikukujua wewe ni nani. Jambo lilelile, kukaa nyumbani, lilikuwa na uzito wa aina mbili. Julai 2021, wakati arifa zilipozidi 600,000 kwa wiki moja na magazeti yakabuni neno "pingdemic", waziri mmoja alisema hadharani kwamba ni ushauri, halafu ofisi ya Waziri Mkuu ikasema ni muhimu sana kutii. Mfasiri yeyote wa Kiswahili angekwama hapo siku ya kwanza, maana lugha yetu ingemlazimisha kuchagua: "ni vyema ukae," "ukae," au "huna budi kukaa"? Swali la mfasiri lingeufichua utata mapema. Programu ilitolewa kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Kiswahili hakikuwamo.

Tatu ni tumbo. Watu wetu wengi huku tunawajua kazi zao: kulea wazee, kusafisha maofisi, kubeba boksi maghalani. Mtu wa namna hiyo akiambiwa akae ndani siku 10, anachofikiria kwanza ni kodi ya nyumba. Kulikuwa na msaada wa pauni 500 kwa wenye kipato kidogo, lakini hadi Desemba 2020 aliyeambiwa na programu hakuweza kuuomba, ni yule tu aliyepigiwa simu. Hofu ambayo huna namna ya kuifanyia kazi inageuka kero. Na kero dawa yake rahisi, unazima Bluetooth, yameisha.

Hebu sasa tumtazame shangazi. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za korona baada ya zile za mwishoni mwa Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Palipo na ukimya sauti hujaa, na sauti za WhatsApp zilijaa kwelikweli: nyungu, tangawizi, malimao, baadaye hofu za chanjo. WhatsApp wenyewe walijitahidi. Mwaka 2018 waliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, Januari 2019 wakapunguza usambazaji hadi watu au makundi matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Walisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Kizuizi kilifanya kazi. Wasiwasi wangu ni alama. Kumwambia msomaji "hii imesambazwa mara nyingi" kulikusudiwa kumtia shaka. Lakini mtu aliyelelewa na methali ya "lisemwalo lipo, na kama halipo laja," ataisomaje? Mie naona ataisoma kama ushahidi: wengi wamesema, basi pana jambo. Mchoro uleule wa mishale miwili, kwa mmoja ni onyo, kwa mwingine ni muhuri. Anayebuni alama kwa dunia nzima bila kuuliza methali za watu anacheza pata potea.

Kwa anayetaka kuona maana ya ubunifu kwa macho, aje Thamesmead. Mji huu ulijengwa na Greater London Council juu ya ardhi ya kinamasi, na wakazi wa kwanza waliingia 1968. Kwa sababu ya kumbukumbu ya mafuriko ya 1953, waliamua watu wasilale wala kuishi usawa wa ardhi. Chini yakawekwa magereji, juu njia za zege za kupita waenda kwa miguu. Sababu ilikuwa ya kweli: maji. Matokeo yake, ukipita chini ulikutana na milango ya magereji badala ya madirisha ya watu, na hapakuwa na wa kukuona wala wa kumwamkia. Sehemu kubwa ya yale majengo imeshavunjwa. Walitatua tatizo la maji wakasahau la hodi. Programu ya NHS ilitatua la siri, ikasahau hilohilo.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu NHS App, ambayo ni programu nyingine kabisa na ipo hai, ndiyo inayotakiwa kuwa mlango. Mpango wa miaka 10 wa afya wa England, uliotolewa Julai 2025, unaitaka iwe mlango mkuu wa huduma ifikapo 2028. Majibu ya vipimo yanaweza kumfikia mgonjwa kwenye kioo kabla hajaongea na daktari. Mama yako wa miaka 70, aliyekuja kuwalea wajukuu na akabaki huku, atalipokea jibu la damu usiku, peke yake, kwa Kiingereza cha maabara. Hapo hatucheki tena na shangazi.

Mapendekezo yangu ni machache. Ujumbe mzito uje na jina la mhudumu na namba ya kumpigia. Useme wazi kama ni amri au ushauri. Usitumwe usiku kama hauna la kufanya kabla ya asubuhi. Na uwepo kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosemwa na watu, usomwe kwanza mbele ya wazee watano, waulizwe wameelewa nini, ndipo utumwe. Humu ndani wamo wafasiri, wakalimani wa hospitali na walimu. Tusisubiri kuitwa kusahihisha vipeperushi vilivyokwisha kuchapwa. Tudai kukaa mezani wakati mlango unachongwa.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti, karibuni tuelimishane.